Karatasi Mbili Tupu za Daftari la Tatu

Mwalimu wangu,

Shuleni tulifundishwa kuanza barua kwa kusema mimi huku ni mzima, hofu ni juu yako. Leo siwezi kuandika hivyo. Wewe umeshapumzika, na hofu yote imebaki kwangu, hapa Barking, London, mezani jikoni, kati ya kikombe cha chai na madaftari yetu matano.

Najua ungeniuliza kwanza kama nimekula. Nimekula. Wali wa jana na maharagwe, na sahani nimeiosha kabla sijakaa, maana hukupenda mtu aandike karibu na chombo kichafu.

Ni miezi kumi sasa. Mwanao Nadia amerudisha funguo za nyumba yako kwa kaunsili iliyokupangisha, na waliohamia wametundika mapazia ya manjano. Nayaona kila Jumanne kwa sababu ejensi yetu ya kuhudumia wazee majumbani imenipa mteja mwingine mtaa uleule wa Kilburn, bwana mmoja mstaafu asiyependa mazungumzo. Nikimaliza kwake napita dukani kwa yule mzee Mhindi aliyekulia Jinja, uliyekuwa ukibishana naye kuhusu mihogo. Kwa wiki nyingi aliniuliza, "Mama Mwalimu hajambo?" na mimi nikawa najibu hajambo, kwa sababu nilimhurumia na sikuwa na nguvu za kusema vingine. Siku nilipomwambia ukweli alianza kupanga upya vitunguu ambavyo vilikuwa vimepangwa vizuri tu.

Unaona nilivyo. Hata dukani nadanganya watu kwa kuwahurumia. Na hiyo ndiyo habari iliyonifanya nikuandikie.

Nadia anataka kuchapisha ile tafsiri yetu. Kitabu kidogo tu, wapewe watu siku ya hitma ya mwaka, kila mmoja aondoke na kitu chako mkononi. Kazi ya kuyapiga chapa maandishi amenipa mimi, kwa kuwa mwandiko ni wangu na hakuna mwingine anayeweza kuusoma. Wiki mbili zilizopita alinipigia simu, na kwa Kiingereza chake cha haraka akaniuliza kama kila kitu kimo. Nikamwambia kila kitu kimo.

Si kweli, Mwalimu. Kuna ukurasa ambao sikukusomea.

Siku ya kwanza nilipoingia kwako, karatasi ya ejensi ilisema: mama wa miaka sabini na minane, haoni, asaidiwe kuoga, chai, dawa, dakika arobaini na tano. Kadi iliyoning'inia shingoni mwangu ilisema Wendy. Nikajitambulisha hivyohivyo kwa Kiingereza, kama nilivyozoea kwa wateja wote. Ulitega sikio kidogo, kisha ukauliza kwa Kiswahili, "Na mama yako alikuita nani?" Nikasema Mwende. "Haya, Mwende, maji yasiwe moto sana." Tangu hapo hukuniita Wendy hata mara moja, hata siku msimamizi wangu alipokuja kukagua na kubaki anatafuta kwenye karatasi zake huyo Mwende ni nani.

Wiki ya pili ukaniagiza nishushe kitabu kilichokuwa juu ya redio. Nilidhani ni cha dini. Kumbe ni maandishi ya walowezi wa mwanzo, Waingereza waliotoka nchi hii karne zile za nyuma wakavuka bahari kwenda kuanzisha makoloni Amerika: shajara zao, mahubiri, mashairi, barua walizowaandikia ndugu zao huku London. Wewe ulikuwa umeyafundisha chuoni Tanga miaka mingi kabla macho hayajazimika, na sasa ulitaka uyaache kwa Kiswahili. Nilicheka, nisikufiche. Nikakuuliza sisi na Wazungu wa kale hao tuna habari gani. Ukanijibu, "Hawa ni wahamiaji wenzetu, mwanangu. Tofauti ni kwamba wao hakuna aliyewadai viza."

Tukaanza. Mimi nasoma sentensi kwa Kiingereza, wewe unanyamaza, vidole vinatembea juu ya kitambaa cha meza, kisha unaitoa kwa Kiswahili na mimi naandika. Mwisho wa ukurasa ulitaka nikusomee tena yote. Nikiwa nimechomeka neno langu la Machakos mahali pa neno lako ulinikamata papo hapo. "Hilo sikulisema mimi, bibi. Hilo limepanda gari Ukambani." Masikio yako yalikuwa makali, na hilo nilipaswa kulikumbuka.

Dakika arobaini na tano hazikututosha, nikaanza kuja na siku zangu za mapumziko. Kutoka Barking, kubadilisha treni West Ham, hadi Kilburn, na mfuko wa maandazi mapajani. Wenzangu kazini waliniona nimerukwa na akili, kwenda kazini siku isiyo ya kazi ili kusoma habari za watu waliokufa zamani.

Hawakujua tulivyocheka. Waandishi wale hatukuwaita kwa majina yao, tuliwapa yetu. Kulikuwa na Bwana Matangazo, aliyeandika kwamba huko koloni samaki wanajirusha wenyewe ndani ya sufuria, ili wenzake wa London nao wapande meli. Ukasema huyo tunamjua, ndiye anayepiga picha ameegemea gari la jirani na kuituma nyumbani. Kulikuwa na Mzee Radi, mhubiri, ambaye kila ngurumo aliiona ni karipio la Mungu kwa jirani yake, kamwe si kwake mwenyewe. Na kulikuwa na Mama wa Baridi.

Mama wa Baridi ndiye aliyetukamata. Mke wa mlowezi, mshairi wa kujificha, anaandika mistari wakati watoto wamelala na mkate uko motoni. Barua zake kwa dada yake wa London hazikosi neno kuhusu baridi: wino umeganda, maji ya kunawia yameganda, mume wake akiomba dua moshi unamtoka mdomoni. Na ule ugali! Wenyeji wa nchi ile waliwapa mahindi wasife njaa, naye akamwandikia dada yake kwamba uji mzito wa mahindi unamkwama kooni na haufai kwa Mkristo. Nilikasirika kweli, mimi mtoto niliyelelewa kwa ugali. Wewe ulicheka mpaka ukashika ubavu, ukasema, "Mpe miaka miwili, ataomba aongezwe." Na kweli, baada ya kurasa arobaini alikuwa anamweleza dada yake namna ya kuusonga.

Alizika watoto watatu. Mashairi yake kuhusu yule wa mwisho uliyatafsiri kwa siku nne, ukikataa kila neno ulilolitoa. Halafu ikaja ile sehemu ya dada yake. Meli zilikuwa zinachukua miezi, kwa hiyo dada alifariki huku London na Mama wa Baridi hakujua, akaendelea kumwandikia. Barua nne. Anamwambia habari za mbaazi alizopanda, anamuuliza kama kikohozi kimepoa. Uliniambia niache kusoma kidogo. Ukavua miwani yako ya giza ukaifuta kwa khanga, ingawa hukuwa na haja nayo ya kuonea.

"Huyu ni shoga yangu," ulisema siku hiyo. Na mimi pia nilikuwa nimeshampenda.

Sasa ile Alhamisi. Asubuhi barua ya hospitali ilikuwa imeingia kwa tundu la mlango, na ulinitaka nikusomee kabla Nadia hajafika kutoka Hayes. Uliniapisha nisiruke kitu. Nikaisoma yote, neno kwa neno, mpaka pale wanaposema ugonjwa umesambaa na kwamba watakachofanya sasa ni kukupunguzia maumivu. Sikuruka kitu. Ulishukuru. Ukaniambia nikunje ile barua, niweke chai, halafu ukasema, "Hebu tumsikie shoga yangu leo ana lipi."

Nikafungua kitabu tulipoishia. Mimi hupitisha macho mbele kidogo kabla ya kusoma kwa sauti, nisikwame kwenye Kiingereza kile cha zamani. Macho yakatangulia, nikaona.

Anamshukuru Mungu kwa meli iliyofika kutoka visiwa vya mashamba ya miwa. Imewaletea mapipa mawili ya sukari guru, chumvi, kitambaa cha shuka, na mwanamke mmoja aliyetolewa pwani ya Guinea, zawadi ya mjomba wa mumewe. Wamempa jina, Patience. Halali kitandani, analala chini karibu na mlango. Hataki kula. Analia kwa lugha ambayo hakuna anayeielewa, na kilio chake kinamvurugia Mama wa Baridi mashairi yake. Anamwomba Mungu aulainishe moyo mkaidi wa mtu huyu. Kisha, mstari unaofuata, anaeleza rangi ya kitambaa cha shuka.

Ni yuleyule, Mwalimu. Mkono uleule ulioandika kuhusu mtoto wake wa tatu.

Niligeuza karatasi mbili kwa pamoja. Nikaanza kusoma majira ya machipuko, theluji inayeyuka, mbaazi zinapandwa. Nilijiambia mtu amesomewa kifo chake asubuhi hii, siwezi kumnyang'anya na rafiki. Hiyo ni nusu ya sababu. Nusu nyingine ni yangu. Sikutaka mdomo wangu uyaseme maneno yale mle chumbani, na kadi ya Wendy ikining'inia kifuani.

Vidole vilisimama juu ya kitambaa. Kisha ukazitafsiri mbaazi vizuri sana, nami nikaandika. Nilipotaka kufunga daftari ukasema, "Hapo kabla ya mbaazi, Mwende, ungeacha karatasi mbili tupu." Nikasema nimeshaandika. "Basi chana uandike upya mbele. Acha mbili." Nikauliza za nini. "Tutarudi."

Nilidhani ni uchovu. Nikachana, nikaandika upya, nikaacha mbili. Na tangu siku ile ukawa na tabia mpya. Nikivaa koti kutaka kuondoka, uliniuliza kutoka kwenye kiti chako, "Una la kusema, Mwende?" Nami nikawa najibu, hapana Mwalimu, tuonane kesho kutwa. Nilidhani ni adabu za kwenu Tanga za kumuaga mtu.

Tulimaliza daftari la nne na la tano. Hatukurudi.

Siku ulipooshwa kwa mazishi nilikaa nje na viatu vya watu. Walinieleza kwa upole kwamba ni kazi ya wanawake wa dini yenu, nami nikaelewa, ila mikono yangu haikuelewa. Miaka miwili nilikuwa najua bega lipi linauma na maji yawe ya joto gani. Nilijifunga khanga yako kichwani, nikashika mfuko wa Nadia, nikakaa kwenye kibenchi cha pale nje mpaka walipomaliza. Sijamwambia mtu jambo hili. Nakwambia wewe.

Basi, mwezi huu nikaanza kupiga chapa. Nilipofika daftari la tatu nikakutana na zile karatasi mbili. Nilizipita haraka. Jioni nikarudi kuziangalia. Madaftari matano, Mwalimu, na hakuna mahali pengine popote palipobaki wazi. Wewe uliyekuwa ukiniandikisha mistari kwenye migongo ya bahasha ili tusiharibu karatasi. Nikaanza kupata wasiwasi, lakini nikajitoa hofu.

Jumapili ya wiki iliyopita Nadia alikuja na boksi alilokuwa ameliweka kwake Hayes, la vitu ulivyotoka navyo Tanga. Alitaka kupiga picha ya jalada la nakala yako ya zamani, ile uliyofundishia, aiweke mwanzoni mwa kitabu chetu. Alipokwenda kuweka chai niliifungua. Nilikwenda moja kwa moja kwenye barua ya meli.

Ukurasa ulikuwa umepigwa mstari pembeni kwa penseli, kutoka juu hadi chini. Na mwandiko wako, wa zamani, wa macho mazima, mdogo na ulionyooka: "Wasisomewe huu mpaka wawe wamempenda kwanza. Kisha mwalimu anyamaze, waseme wao."

Nilikasirika, Mwalimu, na lazima nikwambie. Nilikasirika kabla sijalia. Uliujua ukurasa ule tangu kabla mimi sijazaliwa. Ulinipeleka kwa yule mama hatua kwa hatua, kwa baridi yake na ugali wake na watoto wake, ukijua tunakokwenda. Ukasikia karatasi mbili zikigeuzwa badala ya moja. Na hukuniuliza. Mimi si mwanafunzi wako wa Tanga, nilikuwa naosha miguu yako. Ungesema tu, Mwende, umeruka. Ningekusomea. Nadhani ningekusomea.

Halafu nikakumbuka koti. Kila siku nikiwa na mkono mmoja ndani ya koti. Una la kusema, Mwende?

Nadia alirudi na chai akanikuta hivyo. Nikamwambia yote, na kwamba nilimdanganya kwenye simu. Hakunikemea. Ila alisema hitma ni siku ya dua, watakuja mashangazi kutoka kila mahali, na mama yake alimpenda yule mwandishi. Kwa nini tuweke kitu kama hicho katikati? Ni ukurasa mmoja tu, akasema, hakuna atakayejua. Na mimi, nikisema kweli, nilifarijika pale. Ningeweza kukubali. Mlango ulikuwa wazi na yeye ndiye mwanao, si mimi.

Nikampa kitabu. Nikamwonyesha penseli.

Unajua Nadia na Kiswahili. Anaelewa kila kitu na anajibu kwa Kiingereza, tangu mtoto, mlikuwa mnagombana kwa lugha mbili. Alisogea dirishani, akausoma mwandiko wako kwa sauti, polepole, silabi kwa silabi kama mtoto wa darasa la kwanza. Wa-si-so-me-we. Alipofika mwisho alirudia tena kutoka mwanzo, safari hii bila kukwama. Alilia sana. Kisha akasema kwa Kiswahili, "Weka, Aunty. Mama alisema weka."

Sikuwahi kutafsiri peke yangu. Nimefanya ulivyokuwa ukifanya, nimenyamaza, nimeweka vidole mezani. Imenichukua wiki nzima kwa ukurasa na nusu. Mapipa yalikuwa rahisi, na chumvi, na shuka. Nilipofika kwa yule mwanamke nilikwama kwenye jina. Nilitaka kumwandika Subira, liwe la Kiswahili, lipendeze. Nikaliandika, nikalikata. Nikawaza ungeniuliza kile ulichoniuliza mimi. Mama yake alimwita nani? Mama wa Baridi hakuandika. Labda hakuuliza. Basi nimeliacha Patience kama lilivyo, na chini yake nimeongeza mstari mmoja ambao haumo kwenye Kiingereza, kwamba jina alilokuja nalo halikuandikwa na yeyote. Utanikamata, najua, utasema hilo hukulisema wewe. Safari hii nimelisema mimi, na litabaki.

Bado nampenda Mama wa Baridi, jambo linaloniudhi. Nimerudia mashairi ya mtoto wake na yananiuma vilevile, ila sasa nikiyasoma namsikia na yule mwingine, karibu na mlango. Sijui kama ndivyo wanafunzi wako walivyokuwa wakisema. Ningependa kujua walisemaje.

Kazini nimeomba wanibadilishie jina kwenye kadi. Wamesema nijaze fomu na ningoje wiki sita. Yule bwana mstaafu nimeshamwambia jina langu, akajaribu kutamka mara mbili, akakosea mara mbili, akaendelea na uji wake. Wiki hii amekosea kidogo tu.

Siku ya hitma, baada ya dua na baada ya watu kula, nitasimama nisome ule ukurasa mimi mwenyewe, kwa Kiswahili, mbele ya mashangazi wote. Nitausoma wote, neno kwa neno, kama barua ya hospitali. Nimemwahidi Nadia, na sasa nakuahidi wewe. Kisha nitanyamaza, waseme wao.

Pumzika, Mwalimu. Zile karatasi mbili si tupu tena. Nimeziandika kwa kalamu ya wino, na pamebaki nusu ukurasa chini ambao sikuujaza. Mama wa Baridi alimwandikia dada yake barua nne bila kujua kwamba hakuna wa kuzipokea. Mimi najua, na nimekuandikia hata hivyo, kwa sababu uliniuliza swali mara nyingi nikiwa mlangoni na koti, na nilikujibu uongo kila mara.

Ninalo la kusema. Niliruka ukurasa, Mwalimu. Nisamehe. Nimerudi.

Mimi,
Mwende